Chumba cha Mama Mkwe

Nyumba ya mama yangu iko Nyakiyumbu, juu ya kilima. Ukisimama uani unaiona barabara yote inayoteremka kwenda Mpondwe, na ng'ambo ya mto unayaona mabati ya Kongo. Baba aliijenga pale kwa sababu ya upepo, maana kahawa inakauka vizuri. Jeshi liliipenda kwa sababu ya barabara. Ndivyo tulivyoipoteza, na ndipo nilipoapa kwamba mama hatafia katika chumba cha kupanga pale Bwera, kati ya duka la simu na mashine ya kusaga muhogo. Niliapa kwa sauti, mbele ya majirani, na mimi nikishasema jambo mbele ya watu sijui kurudi nyuma.

Sisi ni watu wa upande ulioshindwa. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu wapo wenzetu ambao mpaka leo wanasimulia ile habari kana kwamba tulitoka sare. Siku moja kule Kasese mjini risasi zililia tangu asubuhi, moshi ukapanda, na jioni ilipofika hapakuwa tena na mabishano kuhusu nani mkubwa, mfalme wetu au serikali. Kaka yangu alikuwa mmoja wa vijana waliolinda lango la jumba la mfalme. Alikuwa fundi baiskeli, si askari. Walimpa kofia na mkuki akajiona mtu, nami nilimcheka hadi akaninunia. Tuliupata mwili wake, na hiyo ni bahati ambayo si kila mama wa kwetu aliipata. Tulimleta nyumbani kwa pikapu tukamzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Matanga hayajaisha, askari wakapanda kilima. Hawakutupiga. Walisema tu kwamba nyumba inahitajika kwa usalama, na kwamba tuchukue vyombo vyetu. Mama alichukua sufuria, mikeka, kuku na picha ya baba. Kitanda cha mbao hakikupita mlangoni, kwa sababu baba alikiundia mle mle chumbani, kwa hiyo kilibaki. Tulipoteremka kwenda Bwera, mama hakulia kwa ajili ya nyumba. Aliniuliza nani atapalilia kaburi.

Basi tukaanza maisha ya kuomba ruhusa. Siku za soko nilikuwa Mpondwe nikiuza maharage na unga wa muhogo kwa akina mama wa Kongo. Siku zilizobaki nilikuwa kwenye madawati ya maofisi. Wakubwa wenyewe walikuwa hawatulii. Ukimzoea mmoja akakuahidi kitu, wiki ijayo unakuta ameondolewa, kiti kina mwingine, naye anataka uanze hadithi tangu mwanzo. Wote walijua neno moja tu, subiri. Mimi subira si kipaji changu. Nilimwambia mmoja wao kwamba mama yangu ni mzee na kifo hakisubiri ofisi ifunguliwe, akaniambia nipunguze mdomo.

Kilichobaki kilikuwa kaburi. Pale kilimani askari walikubali mama aingie mara moja moja kupalilia, mradi asiikaribie nyumba. Mlangoni kulikuwa na magunia ya mchanga na kijana wa kaskazini mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mama, simama hapo. Unataka nani?"

"Anataka mtoto wake," nilijibu. "Iko nyuma ya choo yenu."

Alinitazama vibaya, kisha akamtazama mama na jembe lake, akasogeza gunia. "Haya pita. Lakini haraka."

Mkubwa wao alikuwa luteni, mtu wa Busoga, mrefu, mpole wa kuongea. Upole huo ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu anayekuamkia vizuri. Alilala chumbani kwa mama, juu ya kitanda cha baba. Kila tulipopita nilikiona chandarua chake cha kijani dirishani. Mke wake alikuwa ameletwa kutoka kambi ya mbali kuja kukaa naye, msichana mwenye tumbo kubwa, mimba ya kwanza, akitembea uani kwetu ameshika kiuno. Mama alimtazama sana yule msichana. Mimi niligeuza uso.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mvua. Tulikuwa tumeinama kaburini mchana, mara wingu likashuka kutoka mlimani na dunia ikawa maji matupu. Kijana wa mlangoni alitukimbiza tujikinge barazani, ambako kwa sheria yao hatukutakiwa kufika. Tukasikia mtu anaugua ndani. Luteni alikuwa amekwenda Kasese kwenye mkutano. Barabara ya kwenda hospitali pale chini ilikuwa imekatwa na maji, gari lao limezama kwenye tope hadi milangoni. Na pale barazani walisimama wanaume wenye bunduki wakitazamana, kila mmoja akitamani mwenzake atoe amri.

Mama aliweka jembe chini, akanawa mikono kwenye maji yaliyotiririka kutoka batini, akaingia ndani. Hakuomba ruhusa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga chumba chake tangu tufukuzwe.

Nilibaki mlangoni nikiwaka hasira. Nilimwambia kwa Lhukonzo, lugha yetu, "Mama, unajua huyu ni mke wa nani?"

"Najua ni mtu anayezaa," alijibu. "Chemsha maji."

Nikachemsha maji. Sikupenda, lakini nilichemsha, na wale askari niliwaamuru wakate kuni nao wakakata kweli. Nakiri raha niliyoipata kuwaambia "haraka" kwa sauti yao wenyewe. Jioni, mvua ikiwa imetulia, mtoto wa kike alilia mle ndani. Mama alimwosha mzazi kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa leso yake mwenyewe, akamkorogea uji wa ulezi na kumnywesha kidogo kidogo. Hayo kwetu ni mambo ambayo mama humfanyia binti yake anapozaa mara ya kwanza. Yule msichana alilia akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mama yangu alikufa. Hakuna mtu alinifanyia hivi." Tangu hapo akamwita mama yangu "mama", wala si kama askari wanavyowaita wanawake wote wa uraiani.

Kisha mama akachukua kondo la nyuma, akaliviringisha kwenye jani, akatoka nalo hadi migombani, akalifukia chini ya mgomba ulio karibu na kaburi la kaka. Ndivyo anavyofanya kila anapozalisha nyumbani kwake, mikono ilimpeleka tu. Lakini kwetu mtoto ambaye kondo lake limefukiwa kwenye shamba lako si mgeni tena. Ana haki ya kurudi pale na kusema hapa ni kwetu.

Habari ilifika Bwera kabla yetu. Kesho yake baba mdogo alikuja kutuketisha. Alikuwa mtu wa kupenda mikutano, na tangu tushindwe alikuwa ameikosa. Alimwambia mama, "Umewapa shamba. Jeshi lilikuwa limechukua nyumba kwa nguvu, sasa wewe umewapa na udongo kwa mila. Tena kando ya mwanao."

Mama alikuwa akimenya muhogo. "Mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Ulitaka nilitupe wapi?"

Watu walimsema sana. Sokoni wapo walioacha kununua unga wangu. Wakasema tumeuza damu ya kijana wetu kwa uji wa ulezi. Usiku sikulala kwa uchungu, na nilimkasirikia mama kwa namna ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Yeye alikoroma.

Kisha luteni akafanya kosa lake.

Alitaka kushukuru. Angeweza kuleta sukari na sabuni, mambo yangeishia hapo. Lakini alimuuliza mke wake mama yule apewe nini, na mke akamjibu kwamba luteni alipomwoa hakupeleka gomesi, lile gauni la heshima ambalo mkwe humpa mama mkwe, kwa kuwa mama alikuwa ameshakufa, na deni hilo la heshima lilikuwa likimsumbua moyoni. Sasa amepata mama. Basi ampe huyu. Na yule mtu, kwa kuwa alimpenda mkewe, alikuja Bwera na mkewe mchana kweupe, amevaa shati safi, akapita mbele ya duka la simu na mashine ya kusaga, akapiga magoti kwenye mlango wetu wa kupanga, mbele ya mtaa mzima, akamkabidhi mama gomesi ya hariri ya rangi ya machungwa pamoja na mshipi wake.

Mama akamwambia yule msichana awaondoe majirani na watoto wao mlangoni, maana alitaka kuzungumza na wageni wake. Mimi pia aliniondoa. Walizungumza kitambo, luteni akiwa bado kwa magoti pale kizingitini. Alipoinuka na kuja kuniaga, macho yake yalikuwa mekundu, nami nikadhani ni moshi wa jikoni. Alinipa mkono akasema, "Shemeji, tutaonana."

"Mimi si shemeji yako," nilimwambia.

Lakini neno lile halikuniacha. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maharage sokoni, nikimpimia rafiki yangu wa Kasindi, ng'ambo ya mto, vikombe vyake, ndipo nilipolielewa vizuri. Mtu anayeleta gomesi kwa mama kwa magoti ni mkwe. Kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Kwao Busoga ni zaidi ya hapo. Mkwe hagusani na mama mkwe, hawapishani kwenye korido, na anayelala kitandani kwake hupata ugonjwa wa kutetemeka mikono hadi kaburini. Na mkwe wetu alikuwa akilala wapi?

Nilicheka peke yangu hadi yule rafiki akaniuliza, "Uko nacheka nini, mama?"

"Nacheka jeshi," nilisema.

Kesho yake nilipanda kilima. Nilingoja askari wawe wengi uani, wengine wananyoa ndevu, wengine wanaosha masufuria, ndipo nikamwamkia luteni kwa heshima zote. Nilisema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye magunia, "Shemeji, mama mkwe wako anakusalimia. Anauliza unalala wapi siku hizi."

Nilimwona akiitazama ile nyumba, kisha dirisha, kisha chandarua chake. Sijawahi kumwona mtu mwenye bastola kiunoni akiwa mpweke namna ile. Kijana wa mlangoni, ambaye ni wa kaskazini lakini alikuwa ameoa Mganda na hivyo aliujua mwiko huo, aliachia kicheko kikatokea puani.

Mchana ule ule chandarua cha luteni kilikuwa kimefungwa ndani ya hema.

Sikuishia hapo. Nilimwambia kwamba chumba cha mama mkwe hakikai kitupu wala hakilaliwi na wavulana, na kwamba mwenyewe atakuja kukaa humo. Alisema hilo haliwezekani, ni kambi. Nilimwambia sawa, basi aende Bwera akamwambie yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba mkwe wake amemkataza kulala kitandani kwake. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akavaa kofia. Mama akarudi nyumbani kwake na kuku wake, katikati ya jeshi.

Kilichofuata kiliwafurahisha hadi watu waliokuwa wamesusa unga wangu. Mama alizoea kukaa barazani asubuhi akipepeta maharage, na baraza ndiyo njia pekee ya kuingia sebuleni, ambako ndiko kulikuwa na ramani na redio ya jeshi. Luteni hakuweza kupita. Alipewa taarifa kwa kupitia dirishani, amesimama nyuma ya mti wa kahawa. Siku moja mama alitoka bafuni wakati luteni anakuja na taulo begani, naye luteni akaruka ukuta wa choo kwa hatua ya kijana, taulo likabaki kwenye waya. Wapagazi wa Kongo waliopita njiani walipeleka habari hadi sokoni kwamba askari wanamcheka mkubwa wao: "Basoda beko nacheka mukubwa yabo. Iko naogopa mama muzee."

Mama hakucheka. Alimlea yule mtoto mgongoni akipalilia kaburi, akimwita jina ambalo kwetu hupewa binti wa kwanza. Wakati mwingine nilimkuta amekaa pale kaburini na yule msichana, wamegawana muhindi wa kuchoma.

Niliwahi kumuuliza kama alijua tangu mwanzo mambo yatakavyokwenda.

"Mimi nilizalisha mtoto," alisema. "Ninyi ndio mlioanza hayo mengine."

Haikuchukua muda, wakubwa wa luteni walikuja kukagua, wakakuta kamanda anaendesha kituo akiwa kwenye kahawa. Sijui aliwaeleza nini. Najua kwamba kituo kilihamishiwa kilima cha pili, kwenye uwanja mtupu ambao tangu mwanzo ungewafaa, na magunia ya mchanga yakaondoka kwa lori. Walitubakizia mashimo uani na mchoro wa mwanamke ukutani, ambao niliupaka chokaa siku hiyo hiyo. Baba mdogo alikuja kuitisha mkutano wa kutushukuru. Nilimkaribisha, nikamwacha aongee hadi akachoka.

Luteni na familia yake walihamishwa baadaye, mbali, upande wa Karamoja. Mke wake alipiga simu mara kwa mara kumsikilizisha mama sauti ya mtoto. Mimi nilitembea Bwera yote kifua mbele. Tulioshindwa vita tulikuwa tumeshinda nyumba, na nilijua ni akili yangu ndiyo iliyofanya kazi ile. Nilisimulia hadithi hii harusini, kwenye ubatizo, kwenye foleni ya forodha, na kila mara luteni aliruka ukuta mrefu zaidi.

Mama alifia kitandani kwake, dirisha limefunguliwa, upepo wa baba ukiingia. Kiapo changu kilitimia, na uchungu wangu ulikuwa na utulivu ndani yake. Alikuwa ametuachia wosia mfupi. Azikwe kando ya kaka, na avikwe ile gomesi ya machungwa.

Siku moja kabla ya mazishi, gari la abiria liliwashusha watu watatu barabarani. Yule msichana, sasa mama kamili. Mtoto anayetembea, aliyepanda kilima akiwa mbele yao kama aliyezaliwa pale, na kweli alizaliwa pale. Na luteni, amevaa kiraia, amebeba sanda begani kama inavyompasa mkwe. Mke na mtoto waliingia ndani kulia. Yeye alikaa nje kwenye kahawa, mahali pa wakwe.

Mchana mvua ikaja, ile ile ya kwetu, ya ghafla. Watu wote wakakimbilia ndani na barazani. Yeye hakusogea. Shati lilimganda mwilini. Baba mdogo, amini usiamini, alimwita kutoka barazani, "Ingia bwana, mama mwenyewe ameshakufa."

"Hapana, mzee," alijibu. "Iko ndani bado. Nyumba ni yake."

Alikuwa amelala katika nyumba hiyo na buti zake, akaitawala. Sasa hakuthubutu kuupita mlango. Mimi niliyekuwa nimemtega kwa mila hiyo nikichekelea, niliona kwamba yeye hakuwahi kuiona ni mtego. Nikachukua mwavuli na sahani ya obundu, ugali wetu wa muhogo, nikamfuata kwenye mvua. Nilipomfikia nikajisikia nikiuliza swali nililokuwa nimelikalia miaka yote.

"Siku ile ya Kasese. Ulikuwa wapi?"

Hakuangalia pembeni. "Nilikuwa pale, shemeji. Kwa lango."

Mvua ilipiga mwavuli. Nilitaka kumwaga sahani ile matopeni.

"Ulipiga?"

"Nilipiga. Wote tulipiga. Sijui risasi yangu ilienda kwa nani."

"Mama alijua?"

"Niliambia yeye siku ya gomesi. Mbele sijainuka kwa magoti. Nikasema, mama, kama hutaki hii nguo, nitarudi nayo." Alifuta uso kwa kiganja. "Akaweka nguo kwa mapaja yake. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Kumbe siku ile haukuwa moshi. Nilimwachia sahani na mwavuli, nikarudi ndani nikiwa nimelowa. Sikusema pole, sikusema nimesamehe, kwa sababu sikuwa nimesamehe, na leo naandika haya bado sijajua. Nilikuwa namkasirikia mama kwa kuniacha nitambe sokoni na akili zangu, naye anajua alichojua, amebeba mgongoni mtoto wa mtu yule akipalilia kaburi la mtoto wake.

Chumbani wanawake walikuwa wamemaliza kumwosha. Gomesi ilikuwa imetandazwa kitandani, ya machungwa, bado inang'aa. Shangazi mmoja aliuona uso wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna neno, maana ipo gomesi nyingine sandukuni, nyeupe, ya kanisani.

Binti wa luteni alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika ncha ya mshipi, anasubiri kuambiwa la kufanya. Nilimwomba anipe. Nikamwinua mama kidogo, nikamvika ile ya machungwa, nikamzungushia mshipi mwenyewe, nikaukaza upande wa kushoto, kama alivyopenda kuufunga.